Arthur Szyk: Nakshi na Hasira

Picha za Arthur Szyk, mchoraji Myahudi kutoka Poland, ni ndogo. Vitabuni jambo hilo halionekani, kwa kuwa wachapishaji huzikuza hadi zijaze ukurasa, na kwenye simu kila picha hulingana na kioo cha simu yenyewe. Ukifika mbele ya zile alizozichora kwa mkono wake ndipo unapoelewa kwamba nyingi zingeenea kwenye daftari la shule lililofunguliwa, na kwamba ndani ya nafasi hiyo finyu amejaza majeshi, farasi, mifupa, bendera, mipini ya panga na vifungo vya makoti, kila kimoja kikiwa na kivuli chake.

New-York Historical Society, jumba la makumbusho linalotazamana na Central Park kwa upande wa magharibi, lilifungua maonyesho ya kazi zake Septemba 2017, yakaendelea hadi Januari 2018, chini ya jina lililomwita askari katika sanaa. Nilikwenda asubuhi ya siku ya kazi, watu wakiwa wachache, nikapata nafasi ya kukaa na picha moja moja bila kusukumwa. Wageni wote tulifanya vilevile bila kuambiana: tulisimama kwanza hatua mbili kutoka ukutani, kisha tukasogea mpaka pumzi zikakaribia kugusa kioo. Naamini mchoraji alikusudia hivyo. Picha inayokulazimisha uisogelee haikupi nafasi ya kuitupia jicho na kupita. Ukishainama, utasoma kila kilichoandikwa, na Szyk alikuwa na mengi ya kuandika.

Alizaliwa mwaka 1894 katika mji wa Łódź, mji wa viwanda vya nguo ambao leo uko Poland lakini wakati ule ulikuwa chini ya himaya ya Urusi. Baba yake, Solomon Szyk, alikuwa mkurugenzi wa kiwanda. Mwaka 1905, mji ulipowaka kwa migomo na maasi, mfanyakazi mmoja alimmwagia tindikali usoni akapofuka. Habari hiyo haijanitoka akilini tangu nilipoisoma, kwa sababu ya yale yaliyofuata: baba asiyeona alimpeleka mwanawe Paris kusomea uchoraji, yaani alilipia kazi ambayo yeye mwenyewe asingeitazama kamwe. Kijana alisoma Académie Julian, baadaye akasoma Kraków, na mwaka 1914 akasafiri hadi Palestina pamoja na wasanii wenzake Wayahudi kutoka Poland. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka alirudi, akaingizwa katika jeshi la Urusi. Poland ilipopata uhuru wake na kuingia vitani na Urusi ya Kisovieti, aliitumikia Poland. Kwa hiyo mtu huyu aliyejiita askari alikuwa amevaa sare kweli, na alizifahamu farasi, mitaro na maiti kabla hajaanza kuzichora.

Mwaka 1921 alihamia Paris pamoja na mkewe, Julia, na mwana wao. Ulikuwa wakati ambao wachoraji wengi wa mji huo walikuwa wakiyavunjavunja maumbo na kuyapanga upya kwa namna ambazo macho ya watu hayakuwa yamezizoea. Szyk alikwenda njia nyingine kabisa. Alirudi nyuma karne kadhaa, kwenye miswada ya Ulaya ya zama za kati na kwenye picha ndogo za Uajemi, akajifunza namna ya kufanya herufi ya kwanza ya aya iwe nyumba yenye watu ndani, na pambizo ya ukurasa iwe bustani, au ngome, au soko. Alitumia wino na rangi za maji, na brashi nyembamba mno. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kwenda mbali ili aielewe kazi ya namna hii. Miswada ya Kurani iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne ya 18 na ya 19, imetiwa pambizoni nakshi nyekundu, njano na nyeusi kwa uvumilivu uleule, ingawa wanakshi wa Siyu hawakuchora sura za watu, na Szyk hakuweza kabisa kukaa bila kuzichora.

Sura hizo ndizo kiini cha jambo ninalotaka kusema juu yake. Wapo wanaouona uchoraji wake kuwa mapambo tu, kazi ya mtu mwenye mkono mwepesi na subira nyingi, na wanashangaa inakuwaje mtu wa mapambo akawa mpiganaji. Mimi naona nakshi na mapigano ni kitu kimoja kwake. Kumtilia mtu nakshi ya dhahabu pembeni, kumchora kila unywele wa ndevu na kila mshono wa kanzu, ni kudai kwamba mtu huyo anastahili muda huo wote. Na watu aliowapa Szyk muda huo walikuwa ni wale ambao majirani zao walianza kuwaita wadudu.

Tazama alichofanya na Hati ya Kalisz. Mwaka 1264 mtawala Bolesław alitoa hati iliyowapa Wayahudi wa eneo lake ulinzi na haki zao mbele ya sheria. Katika miaka ya 1920, chuki dhidi ya Wayahudi ikiwa inapanda tena nchini Poland, Szyk aliichukua hati hiyo ya kale akaifanya kitabu cha kurasa 45, maandishi yakiwa katika lugha tisa, na kuzunguka maandishi akawachora Wayahudi mafundi, wafanyabiashara, wasomi na askari waliomwaga damu kwa ajili ya Poland. Hakutoa hotuba. Aliwarudishia Wapoland karatasi yao wenyewe, ikiwa imepambwa kiasi ambacho hakuna angeweza kusema hakuiona. Baadaye alifanya jambo linalofanana na hilo kwa Wamarekani, kwa mfululizo wa picha 38 juu ya George Washington na mapinduzi ya Marekani; rais wa Poland alimzawadia Rais Roosevelt wa Marekani picha hizo mwaka 1935.

Lakini kazi iliyo kubwa kuliko zote ni Hagada. Hagada ni kitabu kinachosomwa mezani usiku wa Pasaka ya Kiyahudi, familia ikiwa imekusanyika, kusimulia jinsi Waisraeli walivyotoka katika utumwa wa Misri. Ni kitabu cha nyumbani, kinachodondokewa divai na makombo, na watoto ndio wanaoulizia maswali yake. Szyk aliichora Hagada yake Łódź kati ya mwaka 1934 na 1936, kurasa 48, katika miaka ambayo Hitler alikuwa ameshika serikali ya Ujerumani na sheria za Nuremberg zilikuwa zimewavua Wayahudi wa nchi hiyo uraia wao. Kwa mtu wa mahali pale na wakati ule, Farao hakuwa mfalme wa zamani. Katika picha zake za mwanzo alitia alama ya swastika, alama ya Manazi, na ilibidi ifunikwe kwa rangi kabla kitabu hakijafika kwa mpiga chapa, kwa sababu ya hofu ya wachapishaji. Mwaka 1937 alihamia London kusimamia uchapaji, na kitabu kikatoka mwaka 1940, kimehaririwa na mwanahistoria Cecil Roth, kimechapwa juu ya ngozi ya ndama, nakala 250 za kuuzwa, kwa bei ya gini 100 au dola 520 kila moja, bei iliyokifanya kuwa miongoni mwa vitabu vipya vya gharama kubwa kuliko vyote duniani. Kilitabarukiwa Mfalme George wa Sita.

Alama zilifunikwa, lakini mwana mwovu alibaki. Katika Hagada kuna wana wanne wanaouliza juu ya Pasaka: mwenye hekima, mwovu, mnyofu, na yule asiyejua hata kuuliza. Mwovu huuliza, “Ibada hii ina maana gani kwenu?” na kosa lake, kwa mujibu wa mapokeo, ni kujitoa katika kundi, kana kwamba habari ya utumwa na ukombozi inawahusu wengine. Wachoraji wa Hagada za zamani walizoea kumchora mwana huyu kama askari mwenye silaha. Szyk amemvalisha mavazi ya mpanda farasi wa Kijerumani, kofia ya milimani, mjeledi mkononi, na chini ya pua amemwekea masharubu mafupi yaliyokatwa kama ya Hitler. Ni rahisi kuipita picha hii ukidhani ni kejeli kwa Hitler peke yake. Ukikaa nayo unaona kwamba imekwenda mbali zaidi, kwa kuwa mwana huyu ni Myahudi, yuko katika familia, na amechagua kujifananisha na mtesi wake akitumaini kwamba mavazi yatamwokoa. Sijui picha nyingine ya miaka ile inayosema jambo hilo kwa uchungu wa namna hiyo na kwa nafasi ndogo hivyo. Huo ni mwaka 1936 au kabla yake, vita haijaanza, kambi za mauaji hazijajengwa.

Mwaka 1940 Szyk alivuka bahari, kwanza Kanada, kisha New York, serikali ya Uingereza ikitaka apeleke habari za vita kwa Wamarekani waliokuwa bado wamekaa pembeni. Kuanzia hapo alichora kwa kasi ya ajabu: majalada ya magazeti makubwa kama Collier's na Time, matangazo ya kuchangia vita, stempu, kadi. Kitabu chake cha michoro dhidi ya Manazi kilitoka mwaka 1941, kabla Marekani haijaingia vitani. Eleanor Roosevelt, mke wa rais, aliandika Januari 1943 katika safu yake ya gazetini kwamba hii ilikuwa vita binafsi ya Szyk dhidi ya Hitler, na kwamba hadhani Szyk angeshindwa.

Picha niliyokaa nayo muda mrefu kuliko nyingine za wakati huo ni ile aliyoiita Mpinga Kristo, ya mwaka 1942. Kwa mbali ni uso wa Hitler tu, uso ambao kila mtu ameuona mara nyingi. Ukiinama unaona kwamba ndani ya mboni za macho yake mna mafuvu, na katika nywele zilizolala juu ya paji la uso yamefumwa maneno ya Kilatini, Vae Victis, yaani ole wao walioshindwa. Nywele na herufi zimechorwa kwa mstari uleule, hata huwezi kusema moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Mchora katuni wa kawaida angempa Hitler pembe na mkia, akamaliza kazi kwa nusu saa. Szyk amempa adui yake uvumilivu uleule aliowapa manabii, na matokeo yake yanatisha kuliko pembe, kwa sababu uso umebaki wa binadamu. Katika picha nyingine, ya mwaka 1944, amejichora mwenyewe mezani pake, miwani usoni, kalamu mkononi, na Hitler akiwa kijitu kidogo juu ya karatasi, chini ya ncha ya kalamu.

Kisha unafika kwenye picha ya mwaka 1943 ambayo kichwa chake kinasema Wayahudi wanaanza kuwaishia. Hitler na wakuu wake wamekaa mezani, nyuso zimejaa wasiwasi wa watu wanaopungukiwa na bidhaa, na mbele yao kuna taarifa ya Gestapo, polisi wa siri wa Manazi, inayosema Wayahudi 2,000,000 wameuawa. Pembeni mwa picha, kwa mkono wake, Szyk ameitabarukia kumbukumbu ya mama yake mpenzi, aliyeuawa na Wajerumani mahali fulani katika mageto ya Poland, yaani mitaa walimofungiwa Wayahudi. Mama huyo, Eugenia, alikuwa amebaki Łódź. Alichukuliwa kutoka katika geto la mji huo na kupelekwa Chełmno, ambako watu waliuawa kwa gesi. Pamoja naye alikwenda mwanamke wa Kipoland, Józefa, aliyekuwa amemtumikia na ambaye hakukubali kumwacha. Mchoraji hakuwa na kaburi wala tarehe, ndiyo maana akaandika “mahali fulani”. Mbele ya picha hiyo nilisikia mzee mmoja akiyasoma maandishi hayo kwa sauti kwa kijana aliyekuwa naye, polepole, na hakuna kati yetu tuliokuwa karibu aliyeondoka hadi alipomaliza.

Mwaka huohuo alichora maiti na wanaokufa wamerundikana, wazee, kina mama, watoto, na katikati yao akamweka Yesu, Myahudi miongoni mwa Wayahudi, na chini ya picha swali la Mungu kwa Kaini: yuko wapi Habili ndugu yako? Ilichapishwa katika gazeti la Chicago, kwa wasomaji ambao wengi wao walikuwa Wakristo, wakati serikali za nchi zao zilipokuwa bado zikisitasita kufungua milango kwa wakimbizi. Hata katika rundo lile hakuna uso unaofanana na mwingine. Alikuwa amekataa kuchora halaiki.

Ndiyo maana michoro yake ya Wajapani inauma. Szyk, aliyejua kuliko wengi jinsi katuni ya Myahudi mwenye pua ndefu inavyoandaa njia ya mauaji, aliwachora Wajapani wakiwa na meno yaliyotokeza na sura za nyani, na jalada lake la gazeti la Time la Desemba 1941, likimwonyesha Admirali Yamamoto, limepakwa rangi ya ngozi kwa namna isiyoweza kutetewa. Wajerumani aliowachora ni watu mahususi: wakuu wa Hitler, huyu Göring, huyu Himmler, huyu Goebbels, kila mmoja na uovu wake. Wajapani ni taifa zima lililogeuzwa mnyama mmoja. Wapo watakaosema ndivyo magazeti yote ya Marekani yalivyochora baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani, na ni kweli, lakini Szyk hakuwa mtu wa kufuata mkumbo, wala hatumheshimu kwa sababu alichora kama wengine. Mwaka 1944 askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland (leo Malawi) walipelekwa Burma kupigana na jeshi la Japani. Watu hao walikuwa raia wa daraja la chini katika nchi zao wenyewe, kwa hoja ileile kwamba wapo binadamu pungufu. Na anayetoka kwetu hawezi kuzitazama picha hizo akazifumbia macho.

Nasema hivyo nikijua pia alichokichora kuhusu watu weusi, ambacho kilinishangaza zaidi. Mwaka 1944, Marekani ikiwa bado inawatenganisha askari wake kwa rangi, aliwachora askari wawili wa nchi hiyo, mmoja mweupe na mmoja mweusi, wakiwa na mateka wa Kijerumani. Mweupe anamuuliza mwenzake: wewe ungemfanya nini Hitler? Mweusi anajibu kwamba angemfanya awe mtu mweusi, kisha amwangushe mahali popote nchini Marekani. Hebu fikiria ujasiri wa mhamiaji ambaye bado hajapata uraia kuyasema hayo kwa nchi iliyompokea, katikati ya vita ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiitangaza kwa udi na uvumba. Mwaka 1949 alirudia jambo hilo kwa ukali zaidi: mwanajeshi mweusi amefungwa kamba, Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, wakiwa nyuma yake, na maneno ya Yesu msalabani yamegeuzwa: usiwasamehe, Bwana, kwa maana wanajua walitendalo. Uso wa mwanajeshi yule umechorwa kwa mkono uleule uliochora marabi wa Hagada. Nilipouona niliridhika kwamba sijakosea kuuita upambaji wake dai la haki.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa na mikanganyiko mingi. Uingereza, ambayo mfalme wake alitabarukiwa Hagada, ilikuwa tangu mwaka 1939 imeweka kikomo cha Wayahudi 75,000 kuingia Palestina katika miaka mitano, na Szyk aliitumia kalamu yake kuipiga Uingereza hiyohiyo. Mwaka 1948 alilitilia nakshi Tangazo la Uhuru la Israeli. Mwaka huo ndio mamia ya maelfu ya Wapalestina walipopoteza makazi yao, na katika picha nilizoziona alizozichora kwa ajili ya taifa jipya hawamo. Mtu aliyejizoesha kuona kila uso hakuwaona hao, nami siwezi kuliacha hilo bila kulitaja. Mei 1948 alipata uraia wa Marekani, na mwaka 1950 akalitilia nakshi pia Tangazo la Uhuru la nchi hiyo. Mwaka uliofuata jina lake lilitajwa na kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka watu walioshukiwa kuwa na uhusiano na ukomunisti. Mtu aliyekuwa amepamba Washington, Jefferson na bendera yenye nyota akatakiwa ajieleze kama ni Mmarekani wa kweli. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 13 Septemba 1951, nyumbani kwake New Canaan, Connecticut, akiwa na umri wa miaka 57.

Baada ya hapo jina lake lilififia kwa miongo kadhaa. Wakosoaji wa sanaa walikuwa wakishughulika na turubai kubwa zisizo na sura za watu, na mtu aliyefanya kazi kwenye kurasa za vitabu na magazeti walimhesabu kuwa mchora vielelezo, daraja la chini ya mchoraji. Sikubaliani na daraja hilo hata kidogo, kwa sababu picha ya gazetini iliingia katika nyumba ambazo turubai isingeingia. Aliyefanya kazi kubwa ya kumrudisha ni Irvin Ungar, muuza vitabu adimu ambaye zamani alikuwa rabi, aliyekusanya michoro yake kwa miaka mingi na ndiye aliyekuwa nyuma ya maonyesho mengi ya siku hizi. Mwaka 2017, mwaka uleule wa maonyesho ya New York, mkusanyiko wake wa kazi 450 ulinunuliwa kwa msaada wa dola milioni 10.1 na kuhamia Magnes, hazina ya sanaa na maisha ya Kiyahudi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako wanafunzi na watafiti wanaweza kuzitazama kwa karibu, jinsi zinavyotaka kutazamwa.